Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Iringa, Jumapili, Agosti 1956. Asubuhi.

Baridi ya leo ina meno. Wenzangu wamelala kwenye mikeka ndani ya darasa la misheni tulilopewa, madawati yamesogezwa ukutani. Au wanajifanya wamelala, maana nilipoamka na kuwasalimia hakuna aliyeitikia. Nimetoka na blanketi langu, nimekaa kwenye ngazi, naandika huku vidole vimekufa ganzi.

Shajara yangu, sijui nianzie wapi.

Jana nilibaki mimi na goli. Golikipa wao alikuwa ameshalala chini nyuma yangu, beki wao wa mwisho anahangaika kuinuka, na mpira uko mbele ya mguu wangu wa kulia, umetulia kabisa. Hata shangazi yangu Getruda, ambaye hajawahi kupiga mpira maishani mwake, angefunga.

Nikaupa mgongo.

Sikuteleza, sikuumia, refa hakupuliza filimbi. Nilisimama ghafla, nikageuka, nikainamisha kichwa na kujifunika uso kwa viganja vyote viwili mbele ya nusu ya mji wa Iringa. Nilipofunua macho mpira ulikuwa umeshapigwa hadi katikati ya uwanja, na nahodha wetu Andulile alikuwa amekaa kitako kwenye nyasi, mdomo wazi, ananitazama kana kwamba hanijui.

Mimi mwenyewe sijijui. Tangu jana naitazama miguu hii na kuiuliza ilipata wapi ruhusa.

Nyuma ya goli alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Nikiandika hivyo naona aibu upya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, blanketi lake jekundu mabegani, hatua chache tu kutoka kwenye mlingoti wa goli. Macho yetu yalikutana. Miaka miwili nimemuoa binti yake na macho yetu hayajawahi kukutana hata mara moja, kwa sababu kwetu sisi Wahehe mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimuona anakuja njiani unaingia vichakani, naye akikuona kwanza anapita shambani kwa watu. Jina lake hulitamki. Wenye kucheka na wacheke, ila mimi nimelelewa hivyo. Kabla kichwa hakijafikiri, mwili ulikuwa umeshageuka.

Siku zote namtambua kwa mbali tu, kwa lile blanketi na kwa namna anavyotembea akiegemea kushoto. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeuona uso wake. Ni uso wa mke wangu, umeongezewa miaka.

Niandike vizuri tulichopoteza, ili nikija kusoma nikiwa mzee nisije nikajidanganya kwamba ulikuwa mchezo tu.

Timu yetu ni Nyota ya Loleza, na wengi wetu tunafanya kazi gereji moja pale Mbeya. Mimi ni fundi wa magari na senta fowadi. Andulile ni dereva wa lori na beki, na nahodha. Tajiri wetu mwenye gereji ndiye mlezi wa timu. Tunacheza daraja la pili la ligi ya Jimbo, daraja ambalo watu wa mjini hawana habari nalo na watu wa vijijini wanadhani ndilo pekee lililopo.

Mwaka huu tulianza mvua zikiwa bado hazijakatika. Kule Tukuyu mpira ulikuwa unaelea kwenye madimbwi na Andulile, ambaye ndiko kwao, akatuambia tusilalamike, hiyo kwao wanaiita siku nzuri. Makongolosi tulicheza na wachimba dhahabu juu ya kokoto zilizotolewa mgodini, tukarudi magoti yote hayana ngozi. Njombe kulikuwa na ukungu hata golikipa wetu akawa anauliza nani kafunga. Tulishinda kote huko, ila Tukuyu tulitoka sare, na mechi ya mwisho ikawa ya hapa Iringa na Chui wa Mlandege. Wao sare iliwatosha kupanda daraja la kwanza. Sisi tulitakiwa kushinda.

Tajiri alitoa ahadi mbele ya gereji nzima. Tukipanda daraja la kwanza, kila mchezaji mwenye mke atapewa chumba chake katika vile vyumba vipya vya mabati nyuma ya gereji.

Wengine walishangilia daraja. Mimi nilishangilia chumba.

Mke wangu Anjela yuko kwa mama yake, Kalenga, tangu mimba ilipokuwa kubwa. Alikwenda kujifungua uzazi wa kwanza kwao, kama ilivyo desturi, na mwezi wa sita habari ikanifikia kwa mdomo wa Shangazi Getruda kwamba nimepata mtoto wa kike. Sijamuona. Siwezi kwenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe nikabisha hodi. Na hata wangenirudishia Anjela, nimpeleke wapi? Nakaa chumba kimoja na makapera watatu, na njumu zetu zenye matope zimepangwa chini ya vitanda. Mama mkwe alikwisha kuleta neno, kwa njia ya shangazi vilevile, kwamba binti yake hatalala katika zizi la wanaume, na kwamba mpira ni mchezo wa watoto wasio na mbuzi wa kuchunga.

Basi, lile goli lilikuwa chumba. Lilikuwa mlango, na dirisha, na mke wangu anachemsha maji ya mtoto.

Kipindi cha kwanza mambo yalikwenda kama tulivyoomba. Tulishambulia upande wa barabara, nikafunga kwa kichwa mapema kabisa. Uwanja mzima ulinyamaza, maana walikuwa watu wa Iringa watupu. Mwanamke mmoja tu alipiga vigelegele, tena huko mbali, nyuma ya goli letu wenyewe. Nilishangaa kidogo ni mke wa nani katika sisi aliyesafiri hadi huku. Kisha nikasahau. Kabla ya mapumziko Chui wakasawazisha.

Kipindi cha pili, unajua yaliyotokea.

Filimbi ya mwisho ilipolia tukiwa bado sare, Chui walibebana mabegani. Sisi tulikwenda kuvua njumu chini ya ukuta. Andulile akaja akasimama mbele yangu. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akimtukana hata tairi lililopasuka porini. Aliongea taratibu.

"Kalinga, umetuuza kwa ndugu zako?"

Maneno hayo tu. Mimi ndiye Mhehe pekee kwenye timu, na Iringa ni kwetu. Kwa aliyekuwa anatazama kutoka mbali, ni nini kingine angefikiri?

Nilifungua mdomo nimweleze. Halafu ikanijia kwamba nikisema, lori zima tulilosafiri nalo litamfanya mama mkwe wangu kichekesho kuanzia Iringa mpaka Mbeya. Watamuigiza alivyokaa, watamtungia wimbo. Kukutana naye kwa bahati mbaya ni kosa, lakini kumtupa kwenye midomo ya vijana ni kosa kubwa zaidi. Nikafunga mdomo. Andulile akachukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu, akaondoka.

Sijawahi kuitwa msaliti. Ni neno ambalo likiingia halitoki.

Na kuna jambo lingine, linanitafuna zaidi. Alifikaje pale? Mwanamke asiyetaka hata kusikia neno mpira, atoke Kalenga kwa miguu, apite uwanja mzima, aende kukaa hasa mahali ambapo nitatakiwa kupiga? Nadhani watu wa Mlandege walimtafuta wakamweka. Walijua nimeoa wapi, hapa kila mtu anajua kila mtu kaoa wapi. Hawakuhitaji kunivunja mguu, waliniwekea mkwe. Na kama yeye mwenyewe alikubali kuwekwa, akijua, basi hanitaki kuwa mume wa binti yake, na hiyo ndiyo njia yake ya kuniambia.

Kengele ya misa inalia. Andulile anasema lori litaondoka misa ikiisha. Hakuniambia mimi, aliuambia ukuta.

*

Igawa. Jioni ya siku hiyohiyo.

Lori limepumzika hapa, tutalala hapa. Wenzangu wanakula wali na maharage kwenye mgahawa wa barabarani, nawasikia wanavyocheka. Mimi nimeshuka hadi mtoni, karibu na daraja, ambako mwanga bado unatosha kuandika. Vumbi la njia nzima liko kwenye nywele zangu. Nimeshtuka tena, na mshtuko huu wa leo umeupiku ule wa jana kwa mbali.

Baada ya misa nilikuwa nafunga turubai la lori kando ya ukuta wa misheni, mwenyewe, maana hakuna aliyetaka kushika kamba moja na mimi. Nikasikia mtu ananiita kwa pumzi za juu. Shangazi Getruda, nguo za kanisani, viatu mkononi. Nyuma yake, Anjela. Mgongoni mwa Anjela kulikuwa na mzigo mdogo uliofungwa kwa khanga.

Nilitaka kukimbilia. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu.

"Usitazame kule kwenye kona ya ukuta," akasema. "Yupo."

Nikageukia lori nikaingiza uso kwenye turubai. Nilisimama hivyo, pua kwenye harufu ya mafuta ya taa, kwa muda ambao sikuuhesabu. Andulile alikuwa mbele ya lori ameshika mpini wa kuwashia injini, na vijana wengine wamekaa juu ya mizigo, wote wanatazama. Nikasema moyoni, haya, sasa lori zima litajua.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya kona. Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuzungumza na mimi, hawezi. Alizungumza na shangazi, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini kwa kelele za kutosha mji mzima.

"Getruda, niulizie huyo fundi wa magari. Mimi nilifika mapema. Nikauliza watu, vijana wa Mbeya wanapeleka mpira upande gani. Wakanionyesha upande wa barabara. Nikaenda kukaa upande mwingine, mbali kabisa, kwa heshima yake na yangu. Sasa nani aligeuza uwanja?"

Hakuna aliyemweka. Alikwenda mwenyewe, na akachagua mahali pake kwa uangalifu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale jana. Alikaa nyuma ya goli letu, kusudi mimi niwe nampa mgongo mchezo mzima na yeye anione kwa mbali bila kuvunja kitu. Hajawahi kuona mpira maishani mwake. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kukifika mapumziko timu zinabadilishana upande. Aliona watu wanatoka, wanakunywa maji, wanarudi, na ghafla mkwe wake anakuja mbio moja kwa moja usoni mwake, na watu wamembana kushoto na kulia hana pa kukimbilia.

Shangazi aliniambia baadaye kwamba mama mkwe naye alijifunika. Nilipojifunika mimi kwa viganja, yeye alishajivutia blanketi kichwani. Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unatazama watu wawili waliofunika nyuso zao, na mpira katikati yao hauna mwenyewe.

Nilimwambia shangazi, huku nimelielekea turubai, kwamba ndiyo sheria ya mpira, nusu huku, nusu kule. Shangazi akarudia neno kwa neno, ingawa mama mkwe alishasikia kila kitu. Halafu ile sauti ikauliza kama hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuwatangazia watu. Nikajibu hapana. Shangazi akapeleka jibu.

"Basi ni mchezo wa watu wasio na wakwe," sauti ikasema.

Nikasikia mtu juu ya lori anajizuia kucheka na kushindwa. Nilidhani nitaona uchungu. Sikuona. Lile nililoliogopa jana usiku kucha lilikuwa limetokea, na mama mkwe wangu alikuwa hajapungua hata kidogo. Alizungumza na wale vijana wote kupitia ukuta na wote walikaa sawa kama wanafunzi.

Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba lile goli la kwanza aliliona.

Vile vigelegele.

Vilikuwa vyake. Mwanamke mmoja katikati ya watu wa Mlandege, anamshangilia mtu wa timu ya wageni, mpaka wakamgeukia kumtazama. Shangazi anasema walimuuliza ana wazimu gani, akawajibu kwamba yule aliyefunga ni wa kwake. Mimi, ambaye asubuhi hii niliandika hapo juu kwamba hanitaki. Sitaifuta ile sehemu. Ibaki inisute.

Alikuja kwa sababu Anjela alimweleza habari ya chumba. Alitaka kuona kwa macho yake kama mtu aliyempa binti anaweza kukipata. Na hakuja peke yake. Hili shangazi alinishushia taratibu, mkono wake ukiwa bado umenishika. Jana, chini ya lile blanketi jekundu, mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake. Anjela alikuwa amekaa pembeni yao palepale. Walimleta ili amwone baba yake akikimbia kwa mbali hivyo, aanze kumzoea.

Nilimpa mgongo hata mwanangu.

Na Anjela alikuwa pale, mke wangu niliyemkosa tangu mvua za masika, na sikumuona. Niliona mkwe, basi, macho yakafunga duka.

Anjela alimfungua mtoto akaniwekea mikononi. Sikujua namshikaje, mikono yangu imezoea spana. Ana joto la mkate uliotoka sasa hivi. Sikio lake la kushoto limekunjwa juu, kama langu, kama la marehemu baba. Alinitazama bila haraka, akapiga chafya kwa sababu ya harufu ya mafuta, akaendelea kunitazama. Nilimwinamia, na sikujali kwamba vijana wote wanaona.

Nikamuuliza Anjela anaitwa nani. Kwenye habari za mwezi wa sita hakuna aliyeniambia jina, na mimi sikuuliza, nilidhani wananisubiri.

Anjela akatazama kwenye kona ya ukuta. Akacheka kidogo, kisha akaninong'oneza sikioni.

Amepewa jina la bibi yake.

Nilishtuka hata nikamkumbatia mtoto kwa nguvu akalalamika. Jina la mama mkwe wangu, lile ambalo sijalitamka tangu nilipoanza kuposa, ambalo nikilisikia limetajwa kwa mtu mwingine sokoni nageuza shingo. Ndilo la binti yangu. Ubatizo bado, padri anasubiri baba awepo, kwa hiyo jina jingine hana. Wamenipa mtoto nisiyeweza kumwita.

Nadhani mama mkwe alijua hasa ni wakati gani nimeambiwa, maana ilikuwa ni zamu yake tena kuzungumza na shangazi. Alisema nilete jembe jipya kabla ya mvua za kwanza. Kwa ukoo wao ndivyo mkwe anavyofunguliwa. Unaleta jembe, mama anakupikia ugali kwa mkono wake, mnakula mkitazamana, na kuanzia hapo hamkimbiani tena. Mara nyingi huchukua miaka mingi. Wengine hawafunguliwi hadi wanazeeka.

"Mwambie sitaki kungoja uzee," alisema. "Mwakani nitakaa ninapotaka."

Halafu akamaliza na lile nililokuwa naliogopa. Binti yake atapanda lori siku ambayo Mbeya kutakuwa na mlango wa kufunga. Kwa sasa hakuna mlango, kwa hiyo arudi Kalenga. Hakusema kwa ukali. Alisema tu, na Anjela akanyoosha mikono, nikamrudisha mtoto. Mikono yangu ilibaki imekaa vilevile hewani, haijui la kufanya.

Waliondoka pamoja. Sikumtazama mama mkwe, ila kivuli chake kilipita chini kwenye vumbi, kikiegemea kushoto.

Andulile aliuacha mpini wa lori ukining'inia akaja kufunga kamba upande wa pili wa turubai. Yeye ni Mnyakyusa, na kwao mambo haya yamekaza zaidi, huko ni mwanamke na baba mkwe wake. Akanisimulia, akiwa bado anakaza fundo, kwamba mkewe aliwahi kujitupa kwenye mashina ya migomba na mtungi wa maji kichwani kwa sababu baba yake Andulile alitokea njiani bila kukohoa. Mtungi ulivunjika, goti likachanika, na baba mtu akasifu kwa mwezi mzima jinsi alivyopata mkwe mwenye adabu.

"Lile neno la jana nimelirudisha," akasema. "Ulipaswa kuniambia."

Nilimwambia nisingeweza. Akafikiri, akasema kweli, nisingeweza. Akanifungulia mlango wa mbele nikae naye, mahali pa heshima, ambapo hakuna vumbi la nyuma. Njia nzima vijana walikuwa wanagonga bati la paa na kutoa mashauri. Kwamba mwakani tumwombe refa tusibadilishe upande. Kwamba timu ya Njombe wana beki mkali, sasa tumjue mkwe wake ni nani. Nilicheka nao mpaka machozi, na kuna mahali baada ya Sao Hill machozi yakaendelea bila kicheko, Andulile akajifanya anatazama barabara.

Sasa niko hapa. Nimetulia kiasi cha kuhesabu hali yangu kwa ukweli.

Tumebaki daraja la pili. Chumba kimekwenda, tajiri si mtu wa kurudia ahadi watu wasipotimiza sharti lake, na sitamwendea na hadithi ya wakwe. Mke wangu yuko Kalenga, mtoto wangu yuko Kalenga, na mimi narudi kwa makapera na njumu zao. Nina hasira na huo ukweli, siwezi kusema sina. Ningepiga ule mpira, leo tungekuwa watatu kwenye hili lori.

Lakini je, ningekuwa nimeupiga? Nimejiuliza tangu Iringa. Nikiwekwa tena pale, mpira mguuni, goli wazi, na lile blanketi jekundu nyuma yake? Nadhani ningegeuka tena. Na nadhani yule mama, ambaye hajui mpira, anajua hilo juu yangu, na ndiyo maana amenifungulia mlango mapema hivi.

Kuna duka la vyombo vya chuma karibu na gereji. Jembe litapatikana wiki hii. Nitalitia mpini mwenyewe, wa mti mgumu, na nitaomba ruhusa kwa tajiri kabla mawingu hayajaanza kukusanyika juu ya mlima wa Loleza. Halafu msimu mpya utaanza, na tutakwenda tena Tukuyu kuogelea.

Muda mfupi uliopita niliinama karibu na mto, kelele za maji zikiwa kubwa kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia, nikajaribu kulisema jina la binti yangu. Mara moja tu, polepole, kama mtu anayejaribu injini. Mdomo ukafunguka. Halafu nikajikuta nimejifunika uso kwa viganja vyote viwili, peke yangu, hapa Igawa, hakuna mkwe wala goli.

Basi nitangoja. Nimeacha nafasi hapa chini. Nikirudi kutoka Kalenga, tumeshakula ule ugali na kutazamana, nitaijaza kwa mkono wangu.

Binti yangu anaitwa